Mashine Mbili, Diski Moja

Jumanne, 3 Juni 2025

Chaja imepatikana! Ilikuwa chini ya godoro, pamoja na soksi moja ya mdogo wangu Maximilla. Nimeiwasha PSP, ile mashine ya gemu ya mkononi. Bado nzima — diski inanguruma kule nyuma kama zamani. Mjomba Khisa alituletea mbili mwaka niliofanya mtihani wa darasa la nane. Yangu nyeusi, ya Maxi nyeupe. Diski ya gemu akaleta moja tu. Alisema madada hawanyimani.

Nimecheza mbio za magari peke yangu. Nimeshinda zote. Haina raha.

Alhamisi, 5 Juni

Nimesoma kwa simu: zilianza kuuzwa Japani 2004, na 2014 wakaacha kuzitengeneza. Kumbe tuna vitu vya kale! Ningemwambia Maxi angecheka. Anaishi mlango unaofuata, ploti hii hii ya vyumba vya kupanga, hapa Langas. Ukuta mmoja. Namsikia akikoroga chai. Tangu Aprili hatusemeshani. Alihama chumba changu kwa hasira, na kilichokuwa wazi ni hicho tu. Sababu? Siku ya mahari nilisema mbele ya wazee kwamba Simeon wake anatafuta mpishi, si mke. Na bado nasema.

Jumapili, 8 Juni

Baridi. Kanisani yeye benchi la mbele, mimi la nyuma.

Nimekumbuka swichi ya ubavuni. Ukiiwasha, mashine mbili zinaonana bila waya, bila intaneti, mradi ziwe karibu. Mwenye diski anamtumia mwenzake gemu. Ndivyo tulivyocheza na diski moja. Ila ya kutumiwa haikai — ukizima mashine imepotea, uombe tena. Maxi alikuwa analala huku yake ikiwaka kwenye chaja, ili asubuhi asiniombe. Kiburi chake hakikuanza na Simeon!

Nimeiwasha swichi. Taa ya kijani ikapepesa. Hakuna aliyetokea.

Jumatano, 11 Juni

Nimewasha tena. Hakuna.

Mama Ciku wa mboga kaniambia Maxi anahamia Chepsaita Jumamosi, kwa Simeon. Alidhani najua. Nikasema najua. Nikanunua sukuma nisiyoihitaji, nikaja nayo nyumbani, nikalia. Nimechoka kula peke yangu. Nimemkumbuka sana mdogo wangu miezi yote hii na yuko hapa hapa, nasikia akikohoa.

Jumamosi, 14 Juni

Pikapu ya Simeon imekuja. Wanapakia — meza, mtungi wa gesi, godoro. Mimi nimejifungia, niko kitandani. Nimeiwasha swichi, nikachagua kutuma. Sikutarajia kitu.

Jina limetokea. MAXI.

Yuko nje, karibu kabisa. Kumbe na yeye amewasha yake! Nimebonyeza. Mashine iko mapajani na mstari wa kuonyesha gemu inavyofika kwake unajaa polepole. Akienda mbali utakatika. Simeon anapiga honi, anamwita, anasema mvua inakuja na godoro litalowa. Halafu sauti ya Maxi, hapo hapo mlangoni pangu, taratibu:

"Ngoja kidogo. Bado naongea na dada."

Hatujasema hata neno. Mstari umepita nusu. Ukijaa ataondoka, na mimi hapa nimeshika kalamu badala ya komeo, na Simeon anapiga honi tena, na Maxi bado hajatoka mlangoni, na —