Mwezi Ambao Watoto Walitulisha

Mpendwa Mama Kamau,

Binti yetu Nyambura ameenda chuo. Tangu Jumatatu nyumba imekuwa kubwa kuliko nilivyoijenga, na ni wewe ninayetamani kukueleza mwezi wa nane ulivyopita.

Unakumbuka zamu ya Kamau. Kabla hajaenda chuo Eldoret ulimketisha mezani ukamkabidhi pesa zote za matumizi ya mwezi, za kabeji zako za soko la Karatina na za mikono yangu ya ujenzi. Ukamwambia, "Huu mwezi ni wewe unatulisha. Unga, gesi, dawa ya ng'ombe, kila kitu. Mimi sitauliza." Mimi nilicheka.

Wiki ya pili akanunua viatu vyeupe. Wiki ya tatu gesi ikaisha na kijana hana hata shilingi. Ulipasua kuni, tukala githeri ya mahindi na maharagwe isiyo na kitunguu siku nne. Kamau hakuinua macho kwenye sahani. Nilishindwa kuvumilia. Nikamtumia pesa kwa simu, nikamnong'oneza, "Nunua gesi, na usimwambie mama yako." Ulipokuta mtungi umejaa uliwasha tu, ukabandika chai.

Kule chuoni ikawa vile vile. Pesa za muhula mzima zilimwishia wiki ya tano, akawa analala sakafuni kwa rafiki na kushindia chai. Alinipigia mimi, si wewe. Ikabidi tuuze mtamba wetu mweusi, yule uliyemlea kwa chupa. Wewe mwenyewe ulimshika kamba mpaka kwa mnunuzi, ukarudi ukaingia shambani. Nilingoja unilaumu. Hukunilaumu, nami sikukiri ile siri ya gesi. Kisha ukaugua, na kila nilipokaa kando ya kitanda chako nilijiambia nitakueleza kesho. Hukuifikia hiyo kesho.

Mwaka huu Nyambura alipopata nafasi chuoni Meru, nilimketisha pale pale mezani nikarudia maneno yako. Nikamkabidhi pesa zote za mwezi. Wiki ya tatu alikuja jikoni akilia. Alikuwa amenunua nguo za chuo, nyingi, akidhani zilizobaki zitatosha. "Baba, hata ya unga haiko."

Nilikuwa na noti kwenye koti. Nikatoka nikaenda kwenye bustani ya sukuma wiki, nikapalilia hata mahali pasipokuwa na magugu. Niliumia, Mama Kamau. Huko ndiko nilikojua ulivyoumia wewe ukipasua zile kuni, na mimi nilidhani una moyo mgumu.

Asubuhi sikumkuta. Alikuwa ameshuka sokoni, akamwomba kazi yule mama mliyekuwa mkiuza pamoja. Alimpangia viazi tangu alfajiri mpaka jioni, akarudi na gunia dogo mgongoni, nywele zimejaa vumbi. "Tutakula hivi viazi mpaka mwezi uishe," akasema. "Na usininunulie kitu, Baba. Tafadhali." Tukala viazi. Alivipika na kuviponda vile ulivyokuwa ukifanya, nikashindwa kumwangalia.

Kamau alikuja Jumapili kumuaga dada yake. Amekuwa mtu mzima, ana kibanda chake cha kutengeneza simu na ananitumia kitu kila mwezi. Tulipobaki wawili nilimwambia kwamba nilimharibia kwa zile pesa za gesi, na kwamba mama yake alikufa bila kujua.

"Mum alijua," akanijibu. "Aliona mesej ya zile pesa kwa simu yako hiyo siku. Aliniambia nisikwambie, ati utaaibika."

Nilienda nikakaa zizini peke yangu. Miaka yote hiyo ulijua, na ukanipikia, ukaniwekea maji ya kuoga, ukalala karibu nami. Afadhali ungenigombeza, hata mara moja. Ningekuomba msamaha nikiwa nimekushika mkono. Sasa nakuomba kwa karatasi, na sijui nikishamaliza kuiandika nitaipeleka wapi.

Mumeo anayekukumbuka,
Baba Kamau