Bunduki Isiyotoa Moshi

Baba,

Shikamoo. Nimeolewa. Nimetaka ulisikie hilo kabla ya mengine yote, tena kutoka kwangu mwenyewe, Salome wako, maana huko uliko wapo majirani zetu wengi na umbea haukosi.

Nimeolewa na Deo. Ndiyo, Deo yule yule wa kibanda cha video, anayepunguza sauti ya filamu na kushika maiki ili atutafsirie maneno ya Wazungu. Tumepanga vyumba viwili karibu na soko la Ifakara. Asubuhi namsikia akifanya mazoezi ya sauti huku anaoga, mara ni jambazi, mara ni mjane, mara ni farasi, nami nacheka peke yangu jikoni mpaka chai inamwagika. Sikujua kwamba mtu anaweza kufurahi hivi na bado akakumbuka kuosha vyombo. Mama anasema nimenenepa. Ni furaha, Baba, na wali.

Lakini ninapofurahi hivi nakukumbuka zaidi. Nakuona ulivyokuwa ukija kibandani kila Jumamosi jioni na kukaa benchi la mbele. Filamu za mapenzi hukuzitaka, wala za ngumi. Ulitaka zile za wachunga ng'ombe wa Marekani ya zamani, wenye kofia pana na bastola kiunoni. Na ulizitaka ili ugombane nazo.

"Moshi uko wapi?" Hilo ndilo lilikuwa neno lako. Ulikuwa umelinda mpunga wa babu kwa gobole miaka mingi, kabla hujalikabidhi serikalini, na ulijua baruti ya zamani ikilipuka mpigaji haoni hata pua yake. "Hapo wangekuwa wamefunikwa na wingu, nguruwe amekimbia, na wewe bado unapiga chafya." Jamaa akifyatua bastola bila kukoma, ulihesabu kwa sauti, na ikifika ya saba unageuka kuwatazama watu: "Ya sita imekwisha. Hiyo nyingine kaizaa?" Kibanda kizima kilicheka. Wengine walilipa kiingilio kwa ajili yako, si kwa ajili ya filamu.

Deo naye hakukasirika hata siku moja. Alikuwa anasimamisha maelezo na kusema kwenye maiki, "Tumsikilize Mzee." Hapo ndipo nilipompenda, nikiwa mlangoni nauza pepeta za mpunga mchanga kwenye beseni langu, na chai ya chupa. Nilijiambia, mwanamume anayempisha baba yangu aongee, huyo nitazeeka naye.

Kisha ikaja ile Jumamosi. Filamu ilikuwa ya vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, na askari mmoja akatokea na bunduki ile inayokokiwa kwa kushusha kishikio cha chini. Ukasema, angalau hiyo ni ya zamani kweli, hapo wamepatia. Deo, ambaye kwa sababu yako alikuwa ameanza kusoma umri wa kila bunduki kwenye simu, akasema kwa adabu zote kwamba aina ile iliundwa miaka kadhaa baada ya vita vile kwisha. Ukamwambia, "Ya zamani ni ya zamani." Naye akajibu, "Mzee wangu, hata zamani ina jana na juzi."

Watu walicheka, na safari hii hawakucheka upande wako. Nilitamani ardhi ipasuke.

Wiki ile ile mshenga wa Deo akaja kwetu kutoka Kiberege. Ulimsikiliza mpaka mwisho, ukasema, "Nimesikia," basi. Mimi hukuniambia kitu. Jumamosi iliyofuata uliingia kibandani, ukapita benchi lako la mbele, ukaenda kukaa nyuma kabisa, ubavuni kwa rafiki yako Mzee Masanja. Bunduki zililia bila moshi, bastola zikapiga risasi kumi na kitu, nawe kimya. Jumamosi zote zilizofuata, kimya. Nikasema moyoni, Baba amesusa. Hampendi. Nilipanga kukuuliza tukishavuna.

Hatukuvuna pamoja. Moyo wako ulisimama shambani, mpunga ukiwa umeinama tayari kukatwa, na mimi nikabaki na swali mdomoni.

Baba mdogo alimjibu mshenga kwa niaba ya ukoo, harusi ikafungwa kanisani, watu wakala na kucheza. Nilipendeza, Baba, wacha niseme ukweli. Ila kila aliyenipa mkono nilikuwa namtazama na kujiuliza, je, wewe wa benchi la nyuma ungenipa wako?

Juzi Mzee Masanja amekuja kutoka Malinyi, alikohamia, kutusalimia, na maziwa mgando ya ng'ombe wake. Deo alipotoka kununua sukari nikalia kidogo, nikamwambia nimeolewa na mtu ambaye baba yangu alimsusia mpaka kifo. Mzee aliweka kibuyu chini.

"Kususa? Mwanangu, baba yako alikuwa ananifinya paja kila bunduki ikilia bila moshi. Nilikuwa narudi nyumbani nina alama. Nikamwambia, si useme? Akanijibu, 'Nitasemaje, Masanja? Yule ni mkwe wangu. Mtu habishani na mkwe wake mbele za watu.'"

Nilimuuliza, alianza lini kumwita hivyo?

"Tangu siku ile mshenga alipotoka kwenu. Na ile bunduki alikiri kijana alikuwa sahihi. Ila alisema usiambiwe mapema, utamvimbisha kichwa."

Baba. Mimi nimekulia kwako, heshima ya ukwe umenifundisha wewe, na bado sikuiona ilipokaa mbele yangu kwenye benchi la nyuma. Ulinipa jibu kila Jumamosi, kwa kufunga mdomo ambao hakuna aliyewahi kuufunga. Nilimwambia Deo. Aligeukia ukutani, na safari hii hakuigiza sauti ya mtu yeyote.

Jana ameweka filamu ya wachunga ng'ombe. Bunduki ya kwanza ilipolia, safi, bila hata ukungu, akanyamaza kwenye maiki. Kibanda kizima kikasema kwa pamoja, "Moshi uko wapi?"

Nakuaga sasa, nina wali jikoni. Nakuahidi mwanangu wa kwanza nitamfundisha kuhesabu kama wewe: mpaka sita, kisha asubiri watu wajaze risasi. Na nitampenda Deo kwa moyo wote, bila wasiwasi tena.

Pumzika, Baba wangu. Huko uliko mkwe wako hayupo karibu, kwa hiyo bisha utakavyo.

Salome wako