Ubao wa Kusimama

Jumapili, 15 Oktoba 1972

Ubao umepasuka tena. Mbao za masanduku ya sabuni haziwezi uzito wangu, na mimi sikubali kwamba ni uzito. Wambura alicheka mpaka akakaa chini katikati ya barabara. Goti langu linawaka moto. Suruali ya ofisini imekwisha.

Anataka ubao wa kusimama. Watoto wote wa mtaa wetu wa Mukendo, hapa Musoma, wana vigari vyao vya beringi, wanakaa au wanalala kifudifudi, wanateremka. Huyu wangu hataki. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Ukikaa unaona visigino vya watu tu, baba." Darasa la sita huyo.

Mama Wambura anashona suruali huku ananung'unika. Karani mzima, anasema. Hata yeye alicheka lakini, nilimwona.

Jumamosi, 21 Oktoba

Asubuhi shamba la ofisi, kila mtu na jembe lake, bwana mkubwa naye anajifanya analima. Mchana nikapanda lori la pamba hadi Bunda kwa Masatu. Tulisoma naye, sasa ni fundi kwenye kinu cha pamba. Aliomba ruhusa kwa msimamizi, wakaniachia nichague kwenye vyuma chakavu. Nimepata beringi nne kubwa. Kwa mashine zimechakaa, kwa barabara ni mpya kabisa.

Akauliza za nini. Nikasema za mtoto. Nusu uongo.

Kisha akaniuliza, "Huyo Wambura si kashakuwa mkubwa? Mlikuwaga mnaingia mapema nyie. Wenzake hawajaingia jando?" Nikasema bado. Nikabadilisha mazungumzo, nikauliza habari za mavuno. Kwa nini nilibadilisha sijui. Njia nzima nilikuwa na hasira na Masatu, na hajanikosea kitu.

Jumapili, 5 Novemba

Siku kubwa. Fundi wa mitumbwi pale ufukweni ametupa kipande cha mvule. Kimepinda kidogo katikati, kwa mtumbwi hakifai. Kwetu ndicho chenyewe. Ukikanyaga kinashuka kidogo, ukiinua mguu kinarudi.

Shida ilikuwa kukata kona. Ubao wetu ulikuwa unakwenda mbele tu, mpaka ukutane na kitu. Tumekaa wiki mbili tunabishana. Mimi nilitaka kamba, kama usukani. Wambura akasema kamba ni ya ng'ombe. Leo akachukua katambuga yangu ya tairi, ya kushoto, bila kuniuliza, akakata raba ya kisigino, akaiweka kati ya ubao na mti unaoshika beringi, akapitisha bolti moja katikati. Ukiegemea upande, raba inabonyea, beringi zinageuka upande huohuo. Nilimfokea kwa ajili ya katambuga. Kisha nikampa ya kulia, akate ya nyuma.

Tumeteremka pamoja, yeye mbele, mimi nyuma nimemshika mabega. Tumekata kona ya duka la Mhindi bila kuanguka. Wanaume waliokuwa wanacheza drafti wakasimama. Nilipiga kelele kama mwehu. Nina miaka thelathini na nane.

Alhamisi, 9 Novemba

Kaka Mugeta amekuja kutoka Butiama. Ndiye mkubwa wetu, ndiye aliyebaki kwenye mji wa baba. Ameleta ulezi na kuku. Akala, akasifu chakula, ndipo akasema.

"Mwezi wa kumi na mbili tunafungua jando. Rika la Wambura ndilo hilo. Watu wakihamia kijiji cha ujamaa hatujui tena tutakaa vipi, kwa hiyo wazee wamesema lisipite."

Nikasema nitafikiri. Kaka akanitazama kama nimesema kwa Kigiriki. Kufikiri nini? Hata mimi sijui kufikiri nini.

Ninaandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia. Kwetu kijana akishatahiriwa hachezi tena na baba yake. Hataniani naye. Haingii chumbani kwake, hakai naye benchi moja. Anamheshimu, basi. Nami baba nina yangu: simshiki mabega, simtazami anaoga, sipigi kelele kama mwehu barabarani. Si ugomvi. Ndivyo inavyokuwa, na kila mtu anaona vizuri.

Mimi na marehemu baba tulikuwa tunawinda njiwa pamoja kwa manati. Alikuwa anakosa kwa makusudi ili nimcheke. Niliporudi kutoka jandoni sikuwahi kumcheka tena. Aliishi miaka kumi na minane mingine. Sikumbuki tulizungumza nini.

Jumamosi, 18 Novemba

Nimepata akili. Hospitali. Watoto wa mjini wengi wanafanyiwa hospitali, dakika chache, sindano ya ganzi, hakuna rika, hakuna kufungiwa, hakuna hayo mengine. Akitahiriwa hospitali atakuwa ametahiriwa tu. Atarudi nyumbani siku hiyohiyo, kidonda kikipona tutateremka kama kawaida.

Mama Wambura kaniunga mkono, anasema ni usafi zaidi. Nikamwacha aamini ni usafi.

Nimeongea na dresa, mfunga vidonda wa hospitali. Amesema shule ikifungwa nimlete.

Sijamwambia Wambura. Leo tumepaka beringi grisi, tukapaka ubao mafuta ya taa usiliwe na mchwa. Ameandika jina lake upande wa chini kwa msumari wa moto, kisha akaandika BABA, kwa herufi kubwa zaidi. Nimefurahi na nimeona vibaya, vyote kwa pamoja.

Jumanne, 21 Novemba

Padre nilimuuliza baada ya misa ya asubuhi. Akasema Kanisa halina tatizo na tohara. Nikasema najua, si hilo. Akauliza ni lipi basi. Nikashindwa kulieleza kwa mtu mzima mwenye akili zake. Nikasema asante.

Nimefika ofisini nimechelewa. Barua moja nimeipiga taipu mara tatu.

Jumapili, 26 Novemba

Wambura amejifunza kusimama kwa mguu mmoja. Mimi nimejifunza kuruka kabla sijaanguka. Kila mtu na elimu yake.

Watoto wanamfuata sasa, wanaomba kujaribu. Anawapa. Lakini kuna kundi la wakubwa, vijana walioingia mwaka juzi, wanasimama pembeni na mikono nyuma. Mmoja akamwita kwa jina wanaloitwa wasiotahiriwa. Kwa lugha ya nyumbani. Siandiki hapa. Wambura alijifanya hasikii. Masikio yalibadilika rangi.

Nilitaka kwenda kumzaba kofi yule kijana. Na nilipofikiria nikaona hajasema uongo.

Ijumaa, 1 Desemba

Shule imefungwa. Nimemwambia. Jumanne, hospitali, dresa atakushughulikia mwenyewe, haiumi.

Alikuwa anakaza nati. Akaendelea kukaza. Kisha akauliza, "Nitaitwa rika gani, baba?"

Nikasema rika si kitu. Siku hizi ni taifa moja, tumejitawala, mambo ya rika yamepitwa. Nilisema maneno mengi, nusu yake ya redio. Akasikiliza yote kwa adabu.

"Sasa nikifika Butiama nitakaa na nani?"

Nikamwambia atakaa na mimi. Akanitazama vibaya. Si kwa dharau. Kama mtu anayemtazama mgonjwa.

Sijui nani mkubwa hapa ndani.

Jumatatu, 4 Desemba

Wambura hayupo. Kitanda kimetandikwa. Ubao ameusimamisha ukutani karibu na mlango wetu, ameufuta vumbi. Mama yake alidhani kaenda kuchota maji.

Mwenye duka amemwona alfajiri, kapanda lori linalokwenda Butiama. Alikwenda mwenyewe. Hakuna aliyemvuta. Mwanangu ametoroka kwenda kukatwa.

Nina hasira. Tena kuna kitu kingine chini ya hasira, kinafanana na majivuno, na hicho ndicho kinanitia hasira zaidi. Mama Wambura analia. Nimemwuliza analia nini, si ulitaka atahiriwe? Nimekuwa mjinga. Nimemwomba radhi. Kesho nakwenda kumchukua.

Jumanne, 5 Desemba

Niko kwa kaka, Butiama. Ninaandika nje.

Nimewakuta vijana wamenyolewa vichwa, wamekaa chini kwenye mstari, wanaimbiwa. Wambura yumo. Kipara kimemfanya masikio yawe makubwa, mtoto mtupu. Nilikuwa nimepanga cha kusema tangu Musoma. Nimeambiwa mzazi akimtoa kijana kwenye mstari kabla ya kesho hakuna ugomvi, lakini hatarudishwa.

Kaka Mugeta akanivuta pembeni. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Akasema, "Ni mwanao. Hatuibi mtoto wa mtu sisi. Sema neno moja tu, anasimama, mnaenda zenu."

Wambura alikuwa ananitazama. Hakutikisa kichwa, hakuomba. Ananitazama tu, machoni kabisa.

Nilifungua mdomo niseme simama twende. Nikasikia nimesema, "Usilie."

Wanawake wakapiga vigelegele. Ndiyo baraka yenyewe, baba kumwambia mwanae asilie. Sikuwa nimepanga. Wambura akainamisha kichwa, na alipokiinua hakunitazama tena.

Sielewi nimefanya nini. Nilikuja kumchukua.

Jumatano, 6 Desemba

Asubuhi sana. Baba haruhusiwi kusogea. Nilikaa nyuma ya zizi na ng'ombe wa kaka.

Hakulia. Hakupepesa hata jicho, wanasema. Wanaume wananipa mkono, wananipigapiga mgongo. Nimecheka nao, nimekunywa nao. Nina furaha kweli, siwezi kudanganya hapa. Kisha nikaenda nyuma ya zizi tena, nikalia mimi.

Jumatatu, 25 Desemba

Krismasi. Mama Wambura amepika wali na nyama, akajisahau akapakua na sahani ya Wambura. Akairudisha chunguni.

Ubao bado uko pale ukutani. Mtoto wa jirani amekuja kuuazima. Nikamkatalia, tena kwa ukali, Krismasi yote hii. Baadaye nikatoka kumtafuta nimpe, nikamkosa.

Jioni niliuchukua mwenyewe nikaenda nao juu ya mteremko. Nikasimama. Wanaume wa drafti wakanitazama. Mzee mzima peke yake. Nikarudi nao kwapani.

Jumamosi, 13 Januari 1973

Amerudi. Amerefuka, au ni nguo mpya. Kaka amemleta mpaka mlangoni.

Wambura akanisalimu kwa kuinama, macho chini, kwa salamu kamili ya nyumbani, zote, hajaruka hata moja. Nikaitikia zote. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi. Nikasogea bila kufikiri, nimwachie nafasi. Akabaki amesimama. Kaka akanitazama, nami nikasogea tena katikati.

Sasa analala jiko la nje. Amehamisha vitu vyake mwenyewe. Kwa mama yake anaongea, hata anacheka kidogo, namsikia kupitia ukuta. Mimi nikikohoa wananyamaza.

Hajakosea kitu. Amefanya kila kitu sawasawa. Wale vijana wakubwa wamekuja kumwamkia kwa mikono miwili, naye kasimama katikati yao amenyooka. Sijawahi kumwona amenyooka hivyo. Kama ningempeleka hospitali asingesimama hivyo, najua. Kujua hakunisaidii.

Jumapili, 14 Januari

Baada ya misa. Jua kali, barabara tupu, watu wako majumbani wanakula.

Kucheza naye siwezi. Kumwagiza naweza, hilo halijakatazwa. Baba anaagiza, mwana anafanya. Nilikaa na wazo hilo asubuhi nzima, hata mahubiri sikuyasikia. Kisha nikamwita. Nikamwambia achukue ubao, anifuate.

Tulipanda mpaka juu, yeye nyuma yangu kwa hatua kadhaa, kama inavyotakiwa. Nikamwambia, "Panda. Teremka."

Akapanda. Akateremka kwa namna ambayo hatujawahi kuteremka, ameinama kidogo, kona ya duka amekata kama kisu kwenye siagi, vumbi hata halikuinuka. Mtindo wote tuliokuwa tunautafuta ule. Nilishika mdomo nisipige kelele. Nilingoja acheke kule chini. Nilitega sikio kabisa.

Akausimamisha ubao kwa mguu, akashuka, akaubeba begani, akapanda nao mlima polepole. Alipofika akauweka chini mbele ya miguu yangu, kwa mikono miwili. Akarudi nyuma hatua moja. Akasimama kando, macho chini, anasubiri agizo lingine.

Nilimtazama sana. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye nywele fupi zinazoanza kuota.

Nikamwambia inatosha, aende akale.

"Ndiyo, baba," akasema. Akaenda.