Mchuzi wa Vitwitwi

Bondeni, Rangwi
9 Oktoba, 1975

Kwa dada yangu mpendwa Yudith,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko hospitalini kwako, na kile kikohozi cha kipupwe kimekwisha. Sisi huku tu wazima kiasi, ndiyo maana nimekaa kukuandikia.

Kwanza pokea habari njema. Wifi yako Yunis amejifungua salama, mtoto wa kike, sasa ana wiki tatu. Mama mkwe amekuja kumlea mzazi. Unajua desturi yetu, mimi mwenye nyumba nasimama mlangoni kama mgeni mpaka mtoto atolewe nje. Kazi yangu ni kuni na kitoweo. Na hicho kitoweo, dada yangu, kimenitesa. Mbuzi niliyeahidi kumchinjia mzazi alikufa kwa kuhara. Nikawa naona haya hata kubisha hodi.

Basi vitwitwi wakaja. Unawakumbuka, wale ndege wadogo wa miguu myembamba wanaotua bondeni kila mwaka vuli ikikaribia, wakichokora wadudu topeni. Utotoni tuliwakimbiza mpaka tukachoka, tusipate hata mmoja. Mwaka huu wanaokotwa kwa mkono. Siku ya kwanza nilileta sita. Mama mkwe alifurahi mno, akatangaza mpaka kwa majirani kwamba Yunis ameolewa na mwanaume kweli. Nilitembea kifua mbele, sikufichi. Nikaleta wengine siku tisa mfululizo.

Sasa moyo hautulii. Tangu Jumatatu mtoto anatetemeka mikono akinyonya. Mama mkwe anasema ni baridi tu. Mimi baridi ya huku naijua, nimezaliwa nayo.

Dada, wewe umesomea mambo ya dawa, ndiyo maana naungama kwako kabla ya kwenda kwa padri. Mpiga dawa wa shamba la kabichi la ujamaa ni mimi. Bwana shamba alituagiza masalio ya dawa ya wadudu tuyamwage shimoni, mbali na maji. Lile shimo liko juu kilimani na bomba la kupulizia linaumiza mgongo, nikawa nalisuuzia bondeni, kwenye tope lile lile. Ndege wa kwanza nilimkuta anatetemeka, shingo imempinda. Watu walipouliza nikasema wamechoka, safari ya kutoka Ulaya si mchezo. Nilijua, dada. Nilijua tangu siku ile, nikamchinja, kwa kuwa nilitaka kusifiwa.

Leo asubuhi nimesimama mlangoni nikamweleza mama mkwe yote. Nilitegemea anitukane. Akasema, "Mwanangu, mimi sikuonja hata mfupa. Wote nilimpa Yunis. Nilimwambia ale, mumewe kaleta kwa mapenzi."

Njoo, dada, usinijibu kwa barua. Kristofa, dereva wa lori la chai la Mponde aliyekuletea hii, anarudi kesho na atakupitia. Yunis anauliza kama aendelee kunyonyesha, na hapa hakuna wa kumjibu. Tangu asubuhi hajamnyonyesha, na mtoto analia njaa, namsikia hapa nilipo.

Mama mkwe anakusalimu, na Yunis pia. Mtoto tumempa jina lako.

Ni mimi mdogo wako,
Silvano