Bafta Nyeupe Chini ya Kayaki

Jumamosi, 24 Januari

Nyeusi tena. Picha arobaini na moja, na kayaki ni nyeusi katika zote, kama kipande cha mkaa juu ya kioo. Kumbe ni ya manjano — manjano ya embe bivu. Nani atajua?

Madam Bochaberi wa klabu ya picha ametuazima kamera ya shule na kasha lake la kuingilia majini. Maonyesho ni Mokowe mwezi ujao, na mwenye picha bora atapelekwa Mombasa wiki nzima kufunzwa. Umulkheir aliinua mkono kabla Madam hajamaliza kusema. Mimi sikuinua. Akaushika wangu kwenye kifundo, akauinua pia. Ndivyo alivyo tangu darasa la kwanza. Yeye husema, mimi hufikiri, na watu hudhani ni mtu mmoja.

Kaka yake, Dawud, huwapeleka wageni kwa kayaki. Katupa muda wa saa moja, mchana, upande wa Manda, kwenye mchanga, maji ya kifuani. Yeye apiga kafi juu, Umulkheir azama na kamera, mimi nashika tochi. Kazi yangu ni mwanga. Lakini tochi haifui dafu mbele ya jua. Nikiisogeza karibu inamulika vumbi la majini tu, picha yote madoadoa kama mwenye tetekuwanga.

"Fahima, hiyo ni tochi au kijiti cha udi?" Dawud akauliza.

Nilicheka nikanywa maji ya chumvi.

Madam akaziona jioni akasema "underexposed". Sijui kwa Kiswahili niseme nini. Picha haikushiba mwanga.

Jumapili, 25 Januari

Nimepata!

Nilikuwa nimejilaza baada ya adhuhuri, naangalia boriti. Chumba chetu jua haliingii, lakini boriti zaonekana mpaka nyufa zake. Mwanga unatoka wapi? Nikatoka nikaona. Jua linapiga sakafu ya chokaa pale kiwandani, ua wetu wa ndani, kisha linarudi juu. Basi kayaki nayo ni dari. Inataka sakafu nyeupe.

Nikakimbia kwa Umulkheir. Nilikimbia, mimi, barabarani, watu wananiona. Tukaenda na shuka langu la kitandani, tukalitandaza chini ya maji, mawe pembe nne. Ikafanya kazi. Kidogo. Shuka lina maua, na ni fupi. Kayaki ya Dawud ikipita tu, giza. Nikamwambia yatakiwa nyeupe tupu, ndefu, mita tano hivi, isiyo na ua hata moja.

"Niachie mimi," akasema.

Jumamosi, 31 Januari

Alhamdulillahi.

Umulkheir alileta bafta ndani ya mfuko wa plastiki. Nyeupe kama wali. Tuliitandaza mimi na yeye, maji yakiwa yametulia, jua utosini. Dawud akapita juu yake mara sita. Ile ya nne! Tumbo la kayaki manjano kabisa, mikwaruzo yote yaonekana. Kafi imeingia majini na mapovu yake, kila povu na nuru yake. Na uso wa Dawud, ameinama anatuangalia, umeangazwa kutoka chini mpaka kope zake waweza kuzihesabu. Mwanga ule nimeutia mimi. Hakuna aliyenionyesha.

Jambo moja. Nilipoikunjua ile bafta ilinukia. Karafuu maiti. Nikamuuliza kaitoa wapi.

"Dukani, mtaa wa Langoni. Huwekewa wadudu wasiile, wewe."

Nikainusa tena. Dawud akaita, saa yetu inakwisha. Nikaingia majini.

Jumatano, 4 Februari

Picha imechaguliwa. Madam kaionyesha ukutani darasa zima. Wavulana wa nyuma wakanyamaza, na hao hawanyamazi hata kwa mwalimu mkuu.

Madam akauliza, "Na mwanga? Nani alifanya mwanga?"

"Jua, Madam," Umulkheir akajibu. Wote wakacheka. Madam pia.

Chini ya picha pameandikwa: Picha na Umulkheir. Basi. Njiani nikamwuliza kwa sauti ndogo. Akaniangalia kama mtu anayemhurumia paka. "Si wewe mwenyewe hupendi kuonekana?"

Kweli, nilisema hivyo. Darasa la sita.

Jumamosi, 7 Februari

Sijui niandike vipi.

Asubuhi Bibi aliniita. "Fahima, ndoo huku. Nitolee sanda yangu uianike, Ramadhani hii hapa." Kila Shaaban huipiga jua. Aliileta mwenyewe kutoka Makka, akaiosha kwa maji ya Zamzam kwa mikono yake, akaifukiza. Husema nguo zote kavalia dunia, hii ndiyo yake peke yake.

Ufunguo wa sanduku hukaa kwenye kikapu chake cha tambuu. Nikafungua. Haikukunjwa anavyoikunja Bibi. Ina unyevu. Nikaipeleka darini juu, juani, nikaikunjua, mchanga ukamwagika miguuni. Pembe nne zimevutika, palipokaa mawe. Pembe moja imechanika. Nikalamba kidole. Chumvi.

Habari za sanduku lile na ufunguo wake nilimwambia mtu mmoja tu duniani. Mwaka jana, Bibi alipolazwa, nililia mapajani mwa Umulkheir nikamwambia kila kitu: sanda iko wapi, ufunguo uko wapi, na kwamba naogopa siku nitakayotumwa niilete. Alinipangusa machozi kwa mtandio wake. Na Bibi humwita mjukuu, humwekea ukoko wa wali.

"Ishakauka?" Bibi akauliza kutoka chini.

"Bado, Bibi."

Nimeikunja, palipochanika nikapaficha ndani. Nimemdanganya Bibi juu ya sanda yake.

Jumapili, 8 Februari

Nimemkabili. Hakulia. Nilitaka alie.

"Nimeirudisha siku ile ile. Si ipo?"

Nikamwambia imechanika. Nikamwambia Bibi atazikwa nayo.

"Na wewe ulinusa, Fahima. Nilikuona. Ulinusa mara mbili, ukaingia majini."

Kweli, mara mbili.

Baadaye akalegea. Anaogopa Madam ataiondoa picha, na Mombasa itakuwa basi. Tumekubaliana: Ijumaa baada ya Alasiri, tumwendee Bibi pamoja. Yeye ndiye aliyechukua, yeye ataanza. Mimi nitakaa ubavuni mwake, kisha niseme langu. Akaniapia.

Jumanne, 10 Februari

Hakunipitia asubuhi. Nilienda shule peke yangu.

Ijumaa, 13 Februari

Amekuja. Alasiri haijaadhiniwa.

Nilikuwa juu natia udhu nikasikia sauti yake chini, ile tamu, ya kusemea na wazee. Nikadhani amewahi, nikaanza kushuka. Nikasikia:

"Bibi, nimekuja kumuombea Fahima radhi."

Nikasimama pale pale. Akaendelea, taratibu, kama anasoma. Kwamba mimi ndiye niliyeitoa sanda. Kwamba mimi ndiye niliyetaka kitu cheupe kirefu, aulizwe Dawud, alisikia. Kwamba yeye alidhani ni bafta ya dukani. Kwamba mimi naona haya, siwezi kusema, nimekuwa nikilia usiku. "Wamjua alivyo, Bibi. Msamehe. Ni mtoto."

Kanizidi miezi mitatu.

Nikasikia sanduku likifunguliwa. Nikasikia kitambaa kikikunjuliwa. Nimekaa kwenye ngazi ya tatu kutoka juu, daftari magotini. Naandika kwa sababu miguu haishuki.

Nikishuka nitasema sikuitoa, na ni kweli. Lakini Bibi ataniangalia, ataniuliza, hukujua? Na hapo Umulkheir atakuwa amekaa ananiangalia pia.

"Fahima! Ndoo huku, mwanangu."

Hana hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Kalala, Bibi," Umulkheir akasema. "Kichwa chamuuma. Tusimwamshe."

Nimesema naam. Imetoka ndogo, haikufika hata ngazi ya nne.

Bibi ameita tena. Umulkheir amejibu tena.