Chai ya Mwalimu Ouyang

Jumatatu, 8 Oktoba 1984
Nimepandisha mchele mlimani, nimeshuka na mtu mgongoni. Mchoraji kutoka Hangzhou, Mwalimu Ouyang. Goti limemvimba. Atalala kwetu mpaka apone. Mzee mwepesi, gunia la mchele linamshinda uzito.

Jumatano, 10 Oktoba
Mvua. Hakuna kazi. Mzee kachora mlima wetu — wino mtupu, misonobari, ukungu. Pembeni kaandika eti kafuata mkono wa mtawa fulani wa zamani sana. Nikamwambia, nimekubeba mimi, sifa unampa marehemu! Kacheka mpaka kakohoa. Anasema namna ya kuchora mawe kaipata kwa huyo mtawa, miti kwa mwalimu wake. Chake ni ukungu tu. Michoro ya mwalimu wake ilichomwa moto miaka ile ya vurugu, vitu vya zamani vilipopigwa marufuku. Anairudia kwa kichwa, isipotee.

Ijumaa, 12 Oktoba
Binti yangu Suqin kamwonyesha michoro yake. Kumbe anachora kwenye karatasi za kufungia majani ya chai! Mzee kamuuliza kuchora mawe kafundishwa na nani. Hakuna, kasema.
"Inaonekana," mzee akamjibu.
Suqin kaenda jikoni kulia. Baadaye mzee kampa mchoro wake aunakili. Kanakili. Rudia. Karudia. Mpaka chakula kikapoa.

Jumamosi, 13 Oktoba
Mzee anamtaka Suqin awe mwanafunzi wake. Aende naye Hangzhou. Miaka mitatu kunakili wa zamani tu, chake asichore.
Nikamuuliza Suqin, mimi nani atanipikia?
"Baba, tangu mama afe unapika wewe."
Kweli.

Jumapili, 14 Oktoba
Goti limepona. Nimevaa koti la harusi yangu, linanibana. Suqin kapiga magoti, kampa mzee chai kwa mikono miwili. Akinywa, basi — ni mwalimu wake, baba wa pili, anaondoka naye kesho.
Kapokea kikombe. Hakunywa. Kanigeukia.
"Ndugu Zha, mtoto ni wako. Ukisema ninywe, nakunywa."
Suqin hakuniangalia. Kaangalia sakafu.
Nikasema ngojeni, maji yangu yanachemka.
Hakuna maji yoyote motoni. Nipo jikoni, nimekalia kuni, naandika. Suqin bado kapiga magoti kule kwenye sakafu ya mawe ya baridi.
Sasa nimewasha moto. Maji yakichemka natoka, namjibu mzee.
Nimejaza birika lile kubwa, linalochelewa kuchemka.