Bahasha ya Mjomba Isubiri

Hospitali, ghorofa ya nne,
Maskati.
Jumanne, baada ya adhuhuri.

Kwa Mama yangu mpenzi,

Assalaamu alaykum. Anayekuandikia ni daktari bingwa mara mbili, Hatem mwanao, ambaye skuli ilimtapika darasa la kumi na moja lakini ubingwa kaumaliza kwa siku kumi na moja tu. Wenziwe huusomea miaka mitano na nywele zinawatoka. Watangazie majirani wa hapo Zanzibar wajipange foleni. Nikija nitawatazama mmoja mmoja, na walio juu ya miaka sitini nitawatazama bure.

Shikamoo, Mama. Nakubusu mikono yote miwili na kipaji cha uso. U hali gani? Dada Sayyida anaendeleaje na kidonda chake cha upasuaji? Na hao pacha, wanakuacheni mkalala? Picha zao nimeziona. Yule wa kulia kanifanana mie, kwa hivyo mumtunze zaidi. Ama sie huku hatujambo. Bibi hajambo. Nyumba haijambo. Gari lako nalo halijambo, ila lina mkwaruzo mdogo ubavuni, unaoanzia taa ya mbele na kumalizikia taa ya nyuma.

Utajiuliza kwa nini barua, zama hizi, na simu ninayo. Kwa sababu, Mama, simu weye unaiweka katikati ya ukumbi kwa sauti ya juu, na nikikutumia neno linasikika mpaka kwa jirani anayeanua nguo. Hili si la ukumbini. Ndiyo nikampa Bi Zakiya, anayesafiri kuja huko kesho. Mkobani mwake mna bahasha mbili. Ile ndefu nyeupe, yenye mwandiko wa mtu aliyestaafu wizarani na bado hajakubali, ni ya Mjomba Hamoud. Hii iliyokunjwa kwa karatasi za daftari ni yangu. Anza na hii. Ya Mjomba isubiri, hata ikibidi uikalie.

Ndani ya ile bahasha mna mashtaka. Mjomba anamshtaki Daktari Alaa, na anataka uyatie saini weye, kwa kuwa katika faili la Bibi jina la mwenye dhamana ni lako, si lake, na hilo linamchoma kuliko ugonjwa wenyewe. Bi Zakiya anarudi Jumamosi, na Mjomba anataka karatasi irudi naye. Nami nakwambia usiitie saini. Yeye nimeshamwambia hivyo usoni, nyumbani kwake Khuwair ya Kusini, mbele ya wageni wake na sinia la halua. Akanijibu kwamba mtu aliyeshindwa na skuli asizungumze khabari za madaktari. Nikamwambia mie nimekaa hapa siku kumi na moja, na yeye kaja mara mbili, na mara ya pili kaishia kugombana na mlinzi kwa ajili ya pahala pa kuweka gari. Wageni wakacheka. Halua sikupewa.

Sasa tulia nikuhadithie. Najua kwenye simu uliambiwa Bibi kalazwa kwa sababu ya tumbo. Si tumbo, Mama, ni moyo. Usishike kifua, yu hai, na leo kala uji na kaulalamikia kuwa umepikwa na watu wasiojua chumvi. Tulikuficha kwa sababu Sayyida ndiyo kwanza katoka kupasuliwa, na Bibi mwenyewe kakataza usirudishwe.

Ilianza Alkhamisi, asubuhi, wiki ile ya kabla ya iliyopita. Bibi hakumaliza chai yake, akasema tumbo linamtibuka. Nikamteremsha ngazi za nyumba yetu ya Darsait, ghorofa zote tatu, nikamtia garini, na mkwaruzo ndipo ulipoingia. Tukafika hapa chini, kwenye tawari, wanakopokelewa watu walioletwa mbio. Akatujia Daktari Alaa, binti mfupi, miwani, viatu vya michezo, mfuko wa koti umejaa tende maana hana wakati wa kula. Kwao Nizwa. Kiswahili hajui hata karibu. Na Bibi unamjua: miaka minne Maskati, na Kiarabu chake hakijatoka kwenye msala. Basi mfasiri nani? Mwanao.

Mama, ungeniona! Daktari anauliza, ananigeukia, kalamu iko hewani, ananisubiri mie niseme. Mtu mwenye madigrii yake! Walimu wangu wote hawakuwahi kunisubiri nimalize hata sentensi moja. Bibi naye akaanza na adabu zake: alhamdulillahi, sijambo mwanangu, wazee wako nao hawajambo? Unamjua alivyo. Weye mwenyewe ulinihadithia kwamba siku aliyofariki Babu alikupigia simu, akasema wote hawajambo, akakuuliza khabari za mvua, akakuuliza kama umeshakula, ndipo akakwambia. Basi nikafasiri kama redio. Wakambandika nyaya za kupima moyo, wakamtoa damu, havikuonesha kitu cha kutisha. Tukapewa dawa ya tumbo, tukarudi nyumbani.

Jumamosi kabla ya alasiri hakuweza tena kuvuta pumzi. Maji yalikuwa yameshaingia mapafuni. Wakampitisha waya mwembamba mkononi mpaka kwenye moyo, wakauzibua mshipa, na wakatwambia mshipa ule ulikuwa umeziba tokea Alkhamisi.

Jumapili akapandishwa huku juu, kwenye magonjwa ya ndani. Mlango ukafunguliwa, nani anaingia na faili? Daktari Alaa yule yule. Nikadhani kanifuata mie. Kumbe mafunzo yake ndivyo yalivyo: anasomea ubingwa wa aina mbili kwa pamoja, wa dharura na wa magonjwa ya ndani. Miezi kadhaa anakuwa chini, miezi kadhaa juu, na zamu yake ya juu ilianza Jumapili hiyo hiyo. Nimemuuliza tafauti ni nini. Akaniambia chini unajiuliza huyu nini kitamuua saa hii, na juu unajiuliza huyu nini kinamla tokea miaka ishirini, na yeye hataki kujua moja akaacha jengine. Mjomba anasema huyo ni mtu aliyeshindwa kuchagua, na akiolewa atataka waume wawili. Nikamwambia yeye kachagua kazi moja miaka thalathini, kupiga mihuri, na mpaka leo hakuna anayejua alikuwa akiipigia nini. Hapo ndipo aliponitoa nyumbani kwake.

Sikiliza hili sasa, maana hili Mjomba hatakwambia. Daktari Alaa alifungua faili, akaona mwandiko wake mwenyewe wa Alkhamisi. Angeweza kuomba mgonjwa mwengine, muuguzi Manal kaniambia wengi wangefanya hivyo. Yeye akavuta kiti, akakaa, akatwambia kwamba aliyemrudisha Bibi nyumbani Alkhamisi ni yeye, na kwamba anataka kujua alikosea wapi. Mjomba alikuwa kasimama pale pale. Kosa kalijua kwa kinywa cha binti mwenyewe! Angekuwa daktari wa chini tu, asingejua mgonjwa wake kafika wapi. Angekuwa wa juu tu, angewasema wa chini. Huyu kakutana na kazi yake uso kwa uso na hakukimbia, na malipo yake ndiyo hiyo bahasha nyeupe.

Manal, ambaye wazee wake ni wa Tabora na Kiswahili chake ni kitamu ingawa anakiburuta, kanifahamisha mambo yanavyokwenda. Ukitia saini, Daktari Alaa atasimamishwa mpaka uchunguzi uishe. Yuko mwaka wa nne katika mitano. Mwaka huo utapotea, na huenda nafasi yenyewe ikapewa mtu mwengine.

Tokea Jumapili ile haijapita asubuhi bila ya Daktari kuja. Kajifunza maneno ya Kiswahili, anamwambia Bibi pumua, pumua tena, vizuri sana, kama anamfundisha mtoto, na Bibi anacheka mpaka mashine inalia. Mie ndiye ninayempima Bibi uzito kila alfajiri, ndiye ninayembonyeza miguu kuona kama maji yanarudi, ndiye ninayehesabu vidonge. Juzi nilimwambia Daktari kwamba kifundo cha mguu wa kulia kimevimba kuliko jana, akatazama, akaona kweli, akaongeza dawa. Basi usinitanie kuhusu ubingwa wangu.

Lakini moyo wa Bibi hautorudi kama ulivyokuwa. Kipande chake kimekufa, na kilichokufa hakizibuliwi. Ngazi za Darsait hazipandi tena. Akitoka atakwenda kukaa kwa Mjomba, kwenye chumba cha chini, na kitanda chake kwetu nimekiacha kama kilivyo, na kanga yake juu. Sijui nikikunje au nikiache.

Jumatatu ya wiki iliyopita Daktari Alaa alimleta Manal, akamwomba amuulize Bibi kwa Kiswahili, taratibu, kitu gani alikisikia mwilini siku ile ya Alkhamisi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Manal. Bibi akanitazama juu ya bega la Manal. Halafu akasema hakusikia kitu, yeye mwenyewe ndiye aliyesema hajambo, na kosa lisitafutiwe mwenyewe. Daktari akayaandika hayo. Alipotoka, Bibi aliniomba maji, nikampa, na hajalitaja tena.

Mama, mkwaruzo wa gari si kitu, nitaulipia. Ile kazi ya ghala la marumaru Rusayl wameniachisha kwa kutokwenda, na hiyo nayo si kitu. Hayo nimekwambia ili upate kunigombeza mapema, uchoke. Jambo lenyewe ni hili.

Alkhamisi ile Bibi hakuishia kwenye sijambo. Baada ya kuuliza khabari za wazee wa Daktari na kuwaombea dua, alisema: ila bega hili la kushoto, mwanangu, tokea alfajiri nnalisikia kama mtu kaniwekea gunia la mchele, na jasho limenitoka mpaka nimebadilisha kanga. Alisema hivyo hivyo. Nilisikia kila neno. Daktari akaniuliza anasema nini. Nikamjibu kwamba anawaombea dua wazee wako.

Sikuwa na haraka ya kwenda pahala, Mama. Kiarabu cha bega na jasho nnacho. Ila nilikuwa nimeshamwambia Daktari, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba Bibi hajambo na hana maumivu, na nikaona haya kurudi nyuma na kusema kumbe. Nilitaka aendelee kunitazama vile. Akauliza tena, kwa kituo, kama hakuna maumivu ya kifua wala bega, wala jasho, kwa kuwa likiwepo hata moja atambakisha mpaka alasiri amtoe damu mara ya pili. Sikumgeukia hata Bibi. Nikasema hakuna, namjua bibi yangu.

Huo ndio ubingwa wangu wote.

Kwa hivyo usitie saini. Au kama unataka kuitia, litie mstari jina la Alaa na uandike langu juu yake. Mwisho wa karatasi hii nimeliandika lote kamili usije ukalikosea. Jumapili nitavaa kanzu iliyopigwa pasi, nitateremka kwenye ofisi inayopokea malalamiko, na nitayasema haya kwa Kiarabu, neno kwa neno, la bega na la jasho na la dua. Mjomba akitaka kunifukuza katika ukoo na anifukuze, nitakwenda na godoro langu. Daktari Alaa sijamwambia. Nimetaka usikie weye mwanzo, na kutoka kwangu, kwa sababu Bibi hatokwambia hata ukimpigia kila siku.

Nisalimie Sayyida, nibusie pacha, yule wa kulia mara mbili. Nisalimie wote wanaokaa hapo ukumbini, ila usiwasomee. Manal anakusalimu ingawa hakujui. Na Bibi kaamka sasa hivi, kauliza naandika nini, nimemwambia barua kwako. Anakusalimu mno, na anasema nikwambie hajambo.

Ukimpigia, Mama, usikate simu hapo. Ngoja amalize.

Mwanao,
Hatem bin Hisham, mfasiri.